Homa Isiyosikia Dawa, Kidonda Kisichouma: Kutafuta Chanzo Ukiwa Mfugaji

Kwa wiki tano niliamka asubuhi nikiwa na nguvu za kukamua, na kila ikifika alasiri mwili ulilegea, ikaja baridi, kisha homa. Usiku shuka lililowa jasho mpaka nikaligeuza upande wa pili, na jasho lenyewe lilinuka kama majani yaliyovunda. Nilimeza dawa za malaria mara mbili na za taifodi mara moja. Kila mara nilipata nafuu ya siku tatu nne, nikajiona nimepona, homa ikarudi. Katika safari zote zile za kutibiwa hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, na mimi sikusema. Mbuzi wangu wawili walikuwa wametupa mimba mwezi uliotangulia, na aliyeyaokota makondo yao ya nyuma kwa mikono mitupu ni mimi.

Mwongozo huu unafuata njia ambayo ningetamani kupitishwa siku ya kwanza: dalili hii, je, inaweza kuwa imetoka wapi, na nini cha kumwambia anayekutibu.

Kabla ya dalili, kalenda

Homa ikitazamwa peke yake haisemi kitu. Karibu magonjwa yote ya mifugo humwanza mtu vilevile: uchovu, kichwa, maungo. Kinachoyatenganisha ni yaliyotangulia. Kwa hiyo rudi nyuma kwenye kalenda. Kuna mnyama aliyezaa, aliyetupa mimba, aliyekufa ghafla au aliyechinjwa? Nani alimshika, na kwa mikono gani? Maziwa mabichi yalinywewa? Kuna mwingine nyumbani au zizini anayeumwa?

Idadi ya siku ina maana kubwa. Kimeta cha ngozi hujitokeza siku 1 hadi 7 baada ya kugusa mzoga. Homa ya bonde la ufa huchukua siku 2 hadi 6. Leptospira, ambayo wengine huiita homa ya mgunda, mara nyingi wiki moja hadi mbili. Homa ya Q wiki mbili hadi tatu. Brusela, ugonjwa wa bakteria unaopita kwenye maziwa na uzazi wa mifugo, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, ingawa huweza kukaa kimya miezi kadhaa. Maana yake ni kwamba homa iliyoanza leo usiitafutie sababu kwa ndama uliyemzalisha juzi tu. Mtafute na yule wa mwezi uliopita, ambaye ulishamsahau.

Na usimwondoe mnyama kwenye orodha kwa kuwa anaonekana mzima. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alikuta bakteria kwenye bandama za askari waliokufa kisiwani Malta kwa homa ya kuja na kuondoka. Chanzo hakikujulikana hadi 1905, Themistocles Zammit alipopima damu ya mbuzi wa kisiwani na kubaini kwamba ugonjwa huo, ndio brusela ya leo, ulikuwa ukipita kwenye maziwa. Miaka 18! Mbuzi wale walikula, walitembea, walikamuliwa kama kawaida, ndiyo maana hakuna aliyewashuku. Jeshi lilipoacha kunywa maziwa yale, wagonjwa walipungua kwa kasi.

Homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno na viungo kuuma

Brusela iwe ya kwanza kushukiwa. Maumivu yake hupenda kiuno, nyonga na magoti. Kwa mwanamume korodani moja huweza kuvimba na kuuma, na hapo wengi hutibiwa kama wana ugonjwa wa zinaa. Mgonjwa hupungua mwili, hukosa raha, hukasirika bila sababu. Watu wa nyumbani husema amebadilika tabia.

Njia ni mbili kubwa: maziwa yasiyochemshwa pamoja na vinavyotokana nayo, na majimaji ya uzazi. Nasisitiza hivyo "vinavyotokana nayo" kwa sababu wapo wanaochemsha maziwa ya chai kwa uangalifu wote, halafu wakagandisha mtindi au kutengeneza jibini laini kwa maziwa mabichi. Kugandisha hakumuui kimelea huyu. Maziwa yachemke mpaka yapande, ndipo yagandishwe. Nyama iliyoiva vizuri si tatizo. Tatizo la nyama lipo kwa anayeichinja na kuichuna.

Majimaji ya uzazi ndiyo yanayowapata wafugaji wazuri, wale wanaoamka usiku kumsaidia mnyama. Fikiria mkono ulioingia mpaka kiwiko, kucha iliyomeguka, mkwaruzo wa waya wa jana. Kondo moja la mnyama aliyetupa mimba hubeba bakteria wengi mno, na hao hupita kwenye mkwaruzo huo, kwenye jicho lililorukiwa na tone, au kwenye hewa unayovuta ukiwa umeinama pale. Glavu ndefu, barakoa na kitu cha kukinga macho vinatosha kupunguza sehemu kubwa ya hatari. Kondo na kijusi vichomwe au vizikwe kwa kina, mbali na mbwa. Mbwa akikila, anakitembeza boma zima.

Matibabu huchukua wiki 6 hivi kwa mchanganyiko wa dawa mbili, na hapo ndipo wengi huharibu. Homa hukata mapema, mtu anajiona mzima, vidonge vinabaki kabatini, na ugonjwa unarudi ukiwa umejichimbia kwenye mifupa ya mgongo. Nami nilishawishika kuacha wiki ya tatu. Nilimaliza kwa sababu tu mke wangu alikuwa akivihesabu.

Homa kali, kichwa kisichovumilika, kikohozi kikavu, wakati wa mbuzi au kondoo kuzaa

Hapa brusela inabaki kwenye orodha, lakini mbele yake weka homa ya Q. Bakteria wake, Coxiella burnetii, hujaa kwenye kondo na maji ya uzazi, kisha hukauka na kuwa vumbi. Mtu hahitaji kumgusa mnyama. Kufagia banda lililokauka kunatosha, na upepo huweza kulipeleka vumbi hilo kwa majirani wasiofuga hata kuku. Nchini Uholanzi, kati ya 2007 na 2010, watu zaidi ya 4,000 waliripotiwa kuugua kutokana na mashamba ya mbuzi wa maziwa, na wengi wao hawakuwa wafugaji.

Karibu nusu ya wanaoambukizwa hawaoni lolote. Wengine hupata homa, nimonia au ini kuvimba. Wachache huja kuugua miezi au miaka baadaye, ugonjwa ukiwa umeshika vali za moyo. Mwenye tatizo la vali, au aliyewekewa vali bandia, asikae karibu na uzazi wa mifugo kabisa, na hili amwambie daktari wake wa moyo kabla hajaulizwa. Banda lilowanishwe maji kwanza ndipo lifagiliwe. Ni jambo dogo ambalo sijaona likifanywa na watu wengi.

Homa ya ghafla, vigimbi vinauma mno, macho mekundu yasiyotoa tongo

Bonyeza kigimbi. Kama mgonjwa anaruka kwa maumivu, na wiki moja au mbili nyuma alikanyaga matope ya zizi au mkojo wa ng'ombe ulimrukia usoni akikamua, iseme leptospira kwa sauti mbele ya mhudumu. Vimelea hukaa kwenye figo za ng'ombe, nguruwe na panya na hutoka na mkojo. Huingia kwa ngozi iliyochanika au iliyolainika kwa kukaa majini, na kwa macho. Wengine hupata homa ya siku chache ikaisha. Macho yakigeuka manjano, au mkojo ukipungua, hiyo ni dharura ya kulazwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ini na figo vimeguswa. Buti zisizovuja ni kinga bora hapa kuliko kingine chochote ninachokijua.

Kidonda mkononi

Hapa swali la kwanza si kinafananaje. Swali ni: kinauma?

Kisichouma, chenye gamba jeusi katikati na uvimbe mkubwa kuliko kidonda chenyewe, ni kimeta mpaka ithibitike vinginevyo. Huanza kama kipele kinachowasha, mtu akadhani ameumwa na mdudu. Kesho yake au keshokutwa kinakuwa lengelenge, linapasuka, na katikati panakuwa peusi kama kipande cha mkaa. Nyama ya pembeni inavimba mpaka mkono mzima unajaa, na bado ukikigusa hakiumi. Kutouma huko ndiko kunakowachelewesha watu nyumbani. Kikitibiwa mapema kwa antibayotiki, karibu kila mtu hupona. Kikiachwa, hadi mgonjwa mmoja kati ya watano huweza kufa.

Uliza sasa kuhusu mzoga. Mnyama aliyekuwa akila jioni na asubuhi akakutwa amekufa, amevimba haraka, mwili haukukakamaa, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja: asiguswe, asichunwe, asipasuliwe "tuone alikuwa na nini". Bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hujigeuza mbegu ngumu zinazodumu ardhini kwa miongo. Kisiwa cha Gruinard huko Uskoti kilifanyiwa majaribio ya kimeta kwa kondoo mwaka 1942, na hakikutangazwa salama hadi 1990, baada ya udongo wake kumwagiwa formalini, kemikali ya kuua vijidudu. Zizi lako halitamwagiwa formalini. Ita daktari wa mifugo, zuia mbwa na ndege, na mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina ukiwa mzima na ngozi yake.

Na nyama ya mzoga kama huo, hata ikichemshwa, si ya kuliwa. Mbegu za kimeta huvumilia moto wa jikoni. Mtu aliyeila kisha akapata maumivu makali ya tumbo, kutapika au kuharisha damu, au koo likavimba, asisubiri kesho.

Kidonda kinachouma kiasi, kilichoanza kama uvimbe mwekundu wa kuelekea zambarau kisha kikawa na duara jeupe kama shabaha, siku 3 hadi 7 baada ya kumnyonyesha chupa mwanakondoo au mwanambuzi mwenye vigaga mdomoni, ni orfu. Ni virusi. Huonekana vibaya kuliko kilivyo, na hupona chenyewe kwa wiki tatu hadi sita. Kifunike, usikikate, usikikamue. Wapo waliopasuliwa vidole kwa orfu, na kupasua hakukuwasaidia. Anayekamua ng'ombe huweza kupata uvimbe unaokaribia kufanana na huo kutoka kwenye chuchu, nao ni wa ukoo huo huo wa virusi.

Duara linalowasha, lenye ukingo ulioinuka, mkononi au shingoni pale unapomkumbatia ndama: mtazame ndama usoni. Akiwa na mabaka ya kijivu yenye maganda kuzunguka macho, hicho ni choa. Kwenye ndevu na nywele choa cha ng'ombe huvimba na kutoa usaha, watu wakadhani ni jipu. Kosa la kawaida ni kupaka krimu yenye steroidi, ile ya "kila muwasho". Muwasho hupungua wiki ya kwanza huku fangasi wakitanda. Kinachotakiwa ni dawa ya fangasi kwa wiki kadhaa.

Kidole cha rangi ya zambarau kinachowaka kwa maumivu kuliko kinavyoonekana, baada ya kuchomwa na mfupa wa nguruwe, ni bakteria wengine, na penisilini huwamaliza. Jeraha lolote la zizini, hata likiwa dogo, liulizie pia chanjo ya pepopunda, ugonjwa usiotoka kwa mnyama moja kwa moja ila hupenda udongo wenye samadi.

Kuharisha

Kwa mtu mzima mara nyingi hupita, kwa hiyo sitakaa sana hapa isipokuwa kwa watoto.

Kuharisha maji matupu kwa wiki moja hadi mbili, kukiwa na ndama wadogo wanaoharisha bandani, kunaelekea kriptosporidi. Jeli za kutakasa mikono hazimuui kimelea huyu, na klorini ya kawaida ya maji pia haimuui. Ni sabuni na maji yanayotiririka tu. Salmonela na kampilobakta huja na homa na maumivu ya tumbo, mara nyingi kupitia kuku, mayai au maziwa mabichi.

Kinachotisha ni kuharisha damu kwa mtoto aliyeshika ng'ombe au mbuzi, au aliyekunywa maziwa mabichi, siku chache zilizopita. Aina fulani za E. koli huishi kwenye utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru, ila kwa mtoto mdogo sumu yake huweza kuharibu figo. Hatari hiyo hujitokeza kama wiki moja baada ya kuanza kuharisha, mara nyingi wakati kuharisha kwenyewe kunapungua na kila mtu anapumua. Mtoto anapauka, analala sana, anakojoa kidogo. Mpeleke hospitali. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha, wala antibayotiki iliyobaki kabatini. Dawa hizo zinaweza kuzidisha madhara.

Kikohozi na kifua kubana

Mwulize mgonjwa saa. Kama kifua kinabana na homa inakuja saa 4 hadi 8 baada ya kufungua robota la majani yenye ukungu, kisha kesho anakuwa afadhali, na hali hiyo inajirudia kila anapolisha, huenda si maambukizi. Ni mapafu yanayopambana na vumbi la ukungu. Antibayotiki hazitasaidia. Kubadili majani na kuvaa barakoa ya kuzuia vumbi laini kutasaidia, na akipuuza miaka, mapafu hubaki na makovu yasiyofutika.

Kikohozi cha wiki kadhaa na kupungua uzito ni kifua kikuu mpaka kipimwe. Wafugaji wana nyongeza yao: kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kikiingia kwa maziwa mabichi mara nyingi hakikai mapafuni. Hukaa kwenye tezi za shingo, zikavimba polepole bila kuuma, au tumboni. Makohozi yakipimwa hayaonyeshi kitu kwa sababu ugonjwa haupo huko. Na aina hii kwa asili haisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kawaida za kifua kikuu. Kwa hiyo sentensi "nimekunywa maziwa mabichi miaka yote" inaweza kubadili matibabu yako.

Mafua makali baada ya kushika kuku waliokufa kwa wingi yaripotiwe siku hiyo hiyo. Mafua ya ndege aina ya H5N1 yaliwapata watu kwa mara ya kwanza Hong Kong mwaka 1997, wakaugua 18 na kufa 6. Mwaka 2024 virusi hivyo viligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, na kwa wafanyakazi wengi walioambukizwa dalili kubwa haikuwa kikohozi bali macho mekundu. Mwenye ngamia naye ataje ngamia wake, kwa sababu virusi vya MERS, ugonjwa mkali wa mapafu, vilivyotambuliwa 2012, hutoka kwao.

Homa na kutokwa damu

Fizi, pua, madoa ya damu chini ya ngozi, kutapika damu. Usipitie orodha yoyote. Nenda hospitali, piga simu kabla ya kufika ili wajiandae, na anayekusindikiza asiguse damu wala matapishi yako.

Ukiwa njiani, mwambie msindikizaji mambo mawili ayakumbuke. La kwanza, mvua. Homa ya bonde la ufa hufuata mvua kubwa na mafuriko, mbu wakizaliana, na dalili yake zizini huwezi kuikosa: mimba zinatoka kundi zima, vitoto vinakufa. Wengi wa wanaoipata hawatoki damu hata kidogo. Huugua homa wakapona, wachache wao macho yakafifia wiki moja hadi tatu baadaye. La pili, kupe. Homa ya Krimea na Kongo huja kwa kuumwa na kupe, kumponda kwa vidole, au kugusa damu ya mnyama aliyechinjwa, na huyo mnyama hakuwa na dalili yoyote. Kupe haondolewi kwa kucha wala hauawi kwa kupondwa. Mvute polepole kwa kibanio, karibu na ngozi, mtie kwenye chombo chenye spiriti.

Degedege la kwanza ukubwani

Mtu mzima asiyewahi kuwa na kifafa akianguka, na anaishi mahali nguruwe wanazurura na vyoo ni vichache, vifuko vya tegu kwenye ubongo viwe kwenye orodha. Katika maeneo mengi yenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana naye.

Hapa pana kosa linalorudiwa hata na watu waliosoma: kwamba nyama ya nguruwe isiyoiva ndiyo iletayo vifuko vya ubongoni. Nyama hiyo hukupa mnyoo tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na mayai ya mnyoo huo, na mayai hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo, kwa mikono au maji au mboga. Ndiyo maana huweza kumpata mtu ambaye hajawahi kula nguruwe maishani. Na ndiyo maana akipatikana mgonjwa mmoja, nyumba nzima inapaswa kupimwa minyoo. Usimeze dawa ya minyoo kwa kubahatisha ukiwa na degedege. Vifuko vikifa vyote kwa pamoja ubongo huvimba, kwa hiyo picha ya kichwa itangulie.

Kama mgonjwa anashika nguruwe na ana homa, shingo imekakamaa na ghafla hasikii vizuri, hiyo ni hadithi nyingine: bakteria wa nguruwe kwenye utando wa ubongo. Ni dharura ya saa.

Ng'ombe "aliyekabwa"

Hili si la dalili zako ila za mnyama, na ndilo ninalolihofia kuliko yote. Ng'ombe anatoa mate mengi, hamezi, sauti imekwama na kukwaruza. Mfugaji anaona kitu kimemkaba kooni, anavuta ulimi, anaingiza mkono. Huenda kweli ni embe bichi au mfupa. Huenda pia ni kichaa cha mbwa, na mkono wako wenye mikwaruzo umeogeshwa mate yake.

Ukishaingiza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha nenda ukachanjwe siku hiyo. Usingoje kuona kama ng'ombe atakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna apataye kupona, na kwa kuwa kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, kimya cha wiki mbili hakimaanishi umepona.

Mjamzito

Asizalishe kondoo wala mbuzi, asishike vitoto vyao vilivyozaliwa leo, na asifue nguo za aliyezalisha. Baadhi ya bakteria wanaowatupisha kondoo mimba, pamoja na homa ya Q, brusela, listeria ya maziwa mabichi na toksoplazma, huweza kumfanya naye apoteze mimba. Homa yoyote kwake haisubiri.

Yasiyokuhusu

Ndigana kali, homa ya nguruwe ya Afrika, sotoka ya mbuzi na kondoo na ugonjwa wa mapele ngozi wa ng'ombe huumiza mfuko wako, si mwili wako. Ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe ni nadra mno kumpata mtu, na ule wa watoto wa shule wenye jina linalokaribiana ni ugonjwa tofauti kabisa. Kideri cha kuku hukuacha na macho mekundu siku chache, basi.

Vipimo vikirudi safi

Jibu safi la siku ya tatu ya homa lina thamani ndogo. Kinga nyingi zinazopimwa kwenye damu huchukua wiki moja au zaidi kuonekana, kwa hiyo kwa homa ya Q na leptospira omba kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili hadi tatu na majibu mawili yalinganishwe. Kwa brusela, kipimo cha haraka kikiwa safi na dalili zipo, uliza kuhusu kuotesha damu, yaani kuwakuza maabara bakteria waliomo, na uwaambie wahudumu wa maabara unachoshuku kabla hawajafungua chupa, maana bakteria hawa huwaambukiza nao. Kipimo cha Widal cha taifodi usikitegemee peke yake. Hupotosha mara nyingi, na ndicho kilichonipa ile dozi yangu ya taifodi.

Kuna hali moja ambayo kipimo cha kawaida cha brusela kitakuwa safi hata ukipima mara kumi: ikiwa ulijichoma sindano ukichanja ng'ombe kwa chanjo hai ya brusela iitwayo RB51. Kinga dhidi ya aina hiyo haionekani kwenye vipimo vya kawaida, na aina hiyo pia haisikii rifampisini, mojawapo ya dawa ambazo daktari atazifikiria kwanza. Osha jeraha, andika tarehe, na kichupa cha chanjo usikitupe. Nenda nacho mfukoni ukamwonyeshe lebo.